Dawa ya malaria inayopikwa na chachu

Somo kwa mama wanaoleta watoto kwenye mzani



Kila juma, kwenye benchi iliyo mbele ya mlango wetu, tunaona mama aliyebeba mtoto mwenye mwili moto. Tunamchoma mtoto kidole, tunapima damu, na kama malaria imeonekana tunampa mama vidonge vya siku tatu. Anavifunga katika pembe ya kitenge, anakwenda. Vidonge vile ni vidogo sana, na ni mama wachache wanaouliza vinatoka wapi.

Siku moja mmoja aliuliza. Alisema: "Munganga, banasema hii dawa banaitengeneza na levire ya mikate. Njo kweli? Mbona munatupatia kitu ya kuchachuka tupe batoto?" Wenzake walicheka. Lakini ulizo lilikuwa zuri, na yule aliyejibu siku ile alijibu vibaya, alisema ni uongo wa sokoni. Si uongo. Ni kweli kwa sehemu, na mama yule alistahili jibu kamili. Ndiyo sababu ya somo hili.

DAWA NYINGI ZINATOKA KATIKA MITI

Tuanze na kinini, kwa maana wazee wa Kivu wanaijua. Kinini inatoka katika maganda ya mti wa kinkina. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulipandwa katika milima ya Kivu, na katika mji wa Bukavu kilijengwa kiwanda cha kutoa kinini katika maganda yake. Dawa ile chungu ilikuwa tayari ndani ya ganda. Watu hawakuitengeneza, waliitoa tu.

Baadaye ilikuja klorokini, ambayo mama zetu waliiita nivakini. Hiyo ilitengenezwa katika kiwanda, bila mti. Ilikuwa ya bei ndogo, ikaponya watu wengi kwa miaka mingi. Lakini vijidudu vya malaria viliizoea. Mtoto alimeza, homa ikashuka kidogo, ikarudi, na damu ikazidi kupunguka. Mwaka 2001 Kongo iliacha klorokini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikachukua Fansidar. Hiyo nayo ilianza kushindwa. Mwaka 2005 nchi ikachagua dawa mbili zinazofanya kazi pamoja, artesunati na amodiakini. Mama wengi wanazijua kwa jina fupi la ASAQ. Kuna na ndugu yake, arteméta na lumefantrini.

Artesunati na arteméta zote mbili ni watoto wa dawa moja inayoitwa artemizinini. Na artemizinini inatoka katika majani ya mmea mmoja wa China, artemizia.

MWANAMKE ALIYEITAFUTA

Katika miaka ya 1960 kulikuwa na vita katika Vietnam, na askari wengi waliugua malaria ambayo klorokini haikuiweza tena. Mwaka 1967 serikali ya China ilianza kazi ya siri ya kutafuta dawa mpya. Mwaka 1969 mwanamke mmoja, Tu Youyou, aliwekwa kuongoza kundi la watafutaji. Alitumwa kwanza katika kisiwa cha Hainan kuangalia wagonjwa wenyewe. Alikuwa mama wa watoto wawili wa kike, wangali wadogo. Mkubwa alimwacha katika shule ya watoto wachanga, mdogo kwa babu na bibi. Mama anayesoma hapa anajua maana ya kuacha mtoto namna ile.

Yeye na wenzake walisoma vitabu vya kale vya waganga wa China, wakajaribu mimea mingi. Artemizia ilionyesha nguvu mara ya kwanza, kisha haikuonyesha tena. Sababu gani? Jibu lilikuwa katika kitabu cha Ge Hong, mganga wa karibu mwaka 340. Yeye hakuagiza kuchemsha majani. Aliagiza kuyaloweka katika maji, kuyakamua, na kunywa maji yale. Tu Youyou akafikiri: labda moto wetu ndio unaoharibu dawa. Akatoa dawa katika majani kwa kutumia eta, kitu kinachochemka kwa moto mdogo sana, karibu na joto la mwili wa mtu. Mwaka 1971 dawa hiyo iliua vijidudu vyote katika panya na nyani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kwanza, kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa zawadi ya Nobel.

Mama, kumbuka habari hii ya moto na majani. Tutairudia tutakaposema juu ya chai.

SHIDA YA SHAMBA

Dawa ilipatikana, lakini majani hayakutosha. Katika kilo 100 za majani makavu, mara nyingi hupatikana kilo moja tu ya artemizinini, au hata chini ya hiyo. Mkulima anapanda, anapalilia, anavuna, anakausha, kisha kiwanda kinatoa dawa. Tangu mbegu mpaka kidonge inapita zaidi ya mwaka.

Ilipofika mwaka 2001 Shirika la Afya la Dunia liliagiza nchi ambazo dawa za zamani zilishindwa zitumie dawa hizi mpya. Kila nchi ikazitaka wakati mmoja. Karibu na mwaka 2005 bei ya kilo moja ya artemizinini ilipanda kupita dola 1,000. Wakulima wengi wakasikia, wakapanda. Majani yakajaa, na bei ikaanguka mpaka wengine wakaacha kulima. Kisha majani yakapunguka tena. Ni kama mihogo sokoni: mwaka huu inaoza, mwaka ujao haionekani. Lakini mtoto mwenye malaria hawezi kungoja mavuno yanayokuja.

Hapo watu wa labo wakauliza: je, tunaweza kupata dawa ya jani bila kulima jani?

NAMNA CHACHU INAVYOFUNDISHWA

Mama, wewe unaijua chachu. Unaitia katika unga wa mikate, unafunika, unangoja, unga unavimba. Katika kasiksi nayo imo, inageuza sukari ya ndizi kuwa pombe. Chachu ni kitu hai. Ni chembe ndogo sana ambazo jicho halioni. Zinakula sukari, na kila saa mbili hivi chembe moja inaweza kuwa mbili. Sukari ikiingia, kitu kingine kinatoka.

Sasa fikiri jiko kubwa lenye wapishi wengi, wamepanga mstari. Wa kwanza anapokea sukari, anaikata, anampa wa pili. Wa pili anaunganisha vipande, anampa wa tatu. Ndani ya kila chembe hai mna jiko kama hilo. Wapishi ni vitu vidogo vinavyoitwa anzime, na kila anzime inajua kazi moja tu. Nani anaifundisha? Ndani ya chembe mna maagizo yaliyoandikwa, yanayoitwa jeni. Jeni moja ni agizo la kufanya anzime moja. Chachu ina maagizo yake, jani la artemizia lina ya kwake, na mtoto wako ana yake, nusu kutoka kwako na nusu kutoka kwa baba yake.

Jambo la kushangaza ni hili: jiko la chachu na jiko la artemizia zinafanana mpaka katikati ya mstari. Zote mbili zinakata sukari na kuiunganisha mpaka zinapata kitu kimoja kilekile. Hapo njia zinaachana. Chachu inakitumia kutengeneza mafuta ya ukuta wa mwili wake. Artemizia inacho kikundi kingine cha wapishi, wanaokigeuza kuwa dawa.

Jay Keasling na wenzake, katika chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, walifanya hivi. Walisoma maagizo ya wapishi wale wa artemizia, wakayaandika tena, wakayaingiza ndani ya chachu. Kazi ya kwanza waliifanya katika bakteria, wakatangaza mwaka 2003. Mwaka 2006 walitangaza chachu inayotengeneza asidi ya artemizinini, yaani dawa ambayo bado hatua za mwisho. Lakini ilikuwa kidogo sana, gramu moja ya kumi katika litre moja ya maji. Huwezi kuponya nchi kwa kiasi hicho.

Basi ilibaki kazi ndefu, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi yenyewe, ingawa magazeti yanapenda kusimulia ile ya kwanza. Kuingiza mpishi mgeni si kitu. Shida ni kwamba jiko halimjui. Chachu inataka mafuta yake, inavuta chakula upande wake. Ilibidi wapunguze njia ile, bila kuifunga kabisa, maana chachu isiyo na mafuta inakufa. Ni kama mfereji wa maji: ukitaka shamba la chini lipate, unaweka udongo kwenye mlango wa shamba la juu, lakini unaacha maji kidogo. Ilibidi pia kuwatafutia wapishi wageni wasaidizi wao kutoka katika artemizia, kwa sababu peke yao walifanya kazi nusu na kuiumiza chembe. Na chachu haikupewa sukari yote kwa mara moja, ilipewa kidogo kidogo. Mwaka 2013 walitangaza kwamba litre moja inatoa gramu 25. Ni mara 250 kuliko mwaka 2006.

Asidi hiyo inatolewa kwenye chachu na kusafishwa. Mafundi wanaibadilisha, halafu wanaipitisha kwenye mwanga wa taa kali pamoja na oksijeni, na hapo inakuwa artemizinini. Basi jibu la yule mama ni hili: chachu haimo ndani ya kidonge, kama vile kuku hayumo ndani ya yai unalokula. Kilichobaki ni dawa ileile ya jani. Shirika la Afya la Dunia liliipima na kuikubali mwaka 2013.

ILIFIKA NA HAPA KWETU

Kiwanda cha kampuni ya Sanofi, katika mji wa Garessio kule Italia, kilianza kutengeneza artemizinini ya chachu. Mwaka 2014 vidonge vya kwanza vingi vya ASAQ vilivyotoka katika dawa hiyo vilitumwa Afrika, vya wagonjwa zaidi ya 1,700,000. Kongo yetu ilikuwa kati ya nchi zilizovipokea, pamoja na Burundi, Nijeria, Nijeri, Liberia na Burkina Faso. Huenda mtoto wa mmoja wenu aliponywa na chachu, na hakuna aliyejua. Wala hakukuwa na tofauti ya kujua.

Lakini tusiwadanganye, habari haikwenda kama walivyotumaini. Katika miaka ileile wakulima walipanda sana, na bei ya artemizinini ya majani ikashuka chini ya dola 250 kwa kilo. Ile ya chachu iliuzwa dola 350 hadi 400. Nani atanunua ya bei kubwa? Mwaka 2015 kiwanda hakikutengeneza hata kilo moja, na mwaka 2016 kiliuzwa kwa kampuni nyingine. Jani lilishinda, kwa wakati ule. Sisi hatuoni vibaya. Artemizia inalimwa China na Vietnam, na pia Madagaska, Kenya na Tanzania, na mama anayepalilia shamba lile anatafuta karo ya shule kama wewe. Faida ya chachu ni kwamba sasa kuna njia ya pili: mavuno yakianguka, watu wanajua la kufanya.

Ujuzi wenyewe haukufa. Sindano mtoto anayopewa akiwa na majuma 6, 10 na 14 ina ndani yake chanjo ya homa ya ini B, na sehemu ile inatengenezwa na chachu iliyopewa agizo moja la kijidudu cha homa ya ini, agizo la ganda lake tu. Chanjo za namna hiyo zilianza kutumika mwaka 1986. Insulini ya wagonjwa wa sukari inatengenezwa na bakteria au chachu tangu mwaka 1982. Zamani ilitolewa katika nguruwe na ng'ombe. Na lile ua la rangi ya waridi au nyeupe ambalo wengi wanalipanda mbele ya nyumba, pervenshi ya Madagaska, lina dawa za kansa, na mojawapo inatumika kwa watoto wenye kansa ya damu. Zimo kidogo mno katika majani. Mwaka 2022 labo ya Keasling ilionyesha kwamba chachu inaweza kutengeneza sehemu mbili zinazounganishwa kuwa dawa mojawapo ya hizo.

KWA NINI SIKU TATU

Sasa turudi kwenye pembe ya kitenge.

Artemizinini ina nguvu ya haraka. Inaua vijidudu vingi sana kwa muda mfupi, ndiyo maana siku ya pili mtoto anaomba bukari na kucheza. Lakini inatoka mwilini upesi. Vijidudu vichache vinabaki vimejificha katika damu. Ndiyo maana imeunganishwa na dawa ya pili, amodiakini au lumefantrini, inayokaa mwilini muda mrefu na kumaliza waliobaki. Mama anayeacha siku ya pili ameua wengi na kuwaachia mlango wale wenye nguvu.

Mama mmoja alituambia: "Mutoto alipona, njo maana nilichunga vidonge vingine kwa ugonjwa ya kesho." Tunamwelewa. Dawa ni shida, na mama mwenye akili anaweka akiba. Lakini vidonge viwili vilivyobaki haviponyi malaria ya kesho, na ile ya leo haijakwisha. Juma la tatu mtoto yule alirudi mgongoni, midomo nyeupe kwa kukosa damu. Alipona, lakini alihitaji kuongezewa damu, na baba yake aliuza mbuzi.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Vijidudu vinavyostahimili artemizinini vilionekana kwanza katika Kamboja. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba wameviona katika Rwanda, na mwaka 2021 katika Uganda ya kaskazini. Hizi ni jirani zetu, na mbu haonyeshi kitambulisho kwenye mpaka. Chachu inaweza kutupa artemizinini nyingi kama maji ya mto, lakini kama vijidudu vimeizoea, wingi wake hautusaidii. Klorokini pia ilikuwa nyingi.

MAULIZO YA MAMA

"Nimepanda artemizia nyuma ya nyumba. Nichemshe chai nimpe mtoto?"
Hapana, mama. Kumbuka Tu Youyou na moto wake. Dawa hii haiingii vizuri katika maji, na moto unaipunguza. Kikombe kimoja kina kidogo, kingine kina zaidi. Hakuna anayejua kiasi. Tena chai haina ile dawa ya pili. Homa inaweza kushuka, mama akafurahi, na vijidudu vikajifunza. Shirika la Afya la Dunia halikubali chai hiyo kwa kutibu malaria wala kwa kuikinga.

"Sokoni kuna vidonge vya bei ndogo. Ni sawa?"
Pengine ni vya kweli, pengine ni chokaa iliyofungwa vizuri. Kwa macho huwezi kutofautisha, na sisi pia hatuwezi. Angalia tarehe ya mwisho na kama karatasi imefunguliwa. Usikubali vidonge vilivyokatwa vipandevipande na kuuzwa kwa kimoja kimoja.

"Mtoto akitapika dawa?"
Akitapika mara tu baada ya kumeza, rudi kituoni upewe nyingine, maana hesabu imepunguka. Dawa ya arteméta na lumefantrini impe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa ya mama. Inaingia mwilini vizuri zaidi. Lakini akitapika kila kitu, akikataa kunyonya, akishikwa na degedege, au akilala usingizi usioamka, usingoje kesho wala siku ya mzani. Njoo usiku uleule.

"Mimi niko na mimba. Nimeze vilevile?"
Usimeze vya mtoto wala vya bwana. Njoo tupime damu, na utuambie mimba ni ya miezi mingapi, ndipo tutakupa inayokufaa.

"Nikibakiwa na vidonge, naweza kumpa mtoto wa jirani?"
Visibaki, mama. Na vidonge vinahesabiwa kwa kilo za mtoto. Vya mtoto wa kilo 8 havimtoshi wa kilo 15, na vya mkubwa vinaweza kumdhuru mdogo. Mwambie jirani amlete. Mzani uko hapa, na kupima damu yake hakuchukui hata nusu saa.